Shaaban Robert: Baba aliyesimulia bila kusimanga

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti na kutengana kwa maana: kusimulia na kusimanga. Anayesimulia hutoa habari za mambo yaliyopita, akamwachia msikilizaji azitumie atakavyo. Anayesimanga hutaja hisani aliyoitenda ili aliyetendewa ajione mdeni, asiweze kuinua uso. Mpaka baina ya vitenzi hivi ni mwembamba kama uzi, na aghalabu mzazi anayemweleza mwanawe dhiki za zamani huuvuka bila kutambua.

Mfano wake sote twaujua. Baba huanza vizuri. Hueleza jinsi alivyokwenda shuleni pekupeku katika umande wa alfajiri, jinsi alivyosoma kwa mwanga wa koroboi, na jinsi karo ilivyopatikana kwa kuuzwa mbuzi wa mwisho. Mtoto husikiliza kwa makini. Kisha hadithi hugeuka kuwa daftari la madeni: baba huuliza imekuwaje huyu aliyepata viatu, taa na vitabu ashindwe na masomo mepesi. Hapo mtoto huziba masikio. Siku nyingine, umande ukitajwa tu, yeye huinuka na kwenda zake nje. Nasi walimu hatuna haki ya kumcheka mzazi huyo, kwa kuwa darasani twafanya yayo hayo.

Katika fasihi yetu yupo mtu mmoja aliyeikabili kazi hii ya kuwaeleza watoto taabu za mzazi, akaifanya kwa adabu ambayo hatujaitafakari vya kutosha. Mtu huyo ni Shaaban Robert. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya na Tanzania vimesoma Kusadikika na Adili na Nduguze, na wengi wanalijua jina lake kama jina la mwandishi wa vitabu vya kutahiniwa. Wanaomjua kama baba ni wachache. Nami nadai kwamba asiyemjua kama baba hajamjua barabara kama mwandishi.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, Novemba 1914, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Tanga, na vita vilipokwisha bendera ilikuwa imebadilika. Watu wa kizazi chake walilelewa wakijua kwamba watawala huja na kwenda, wala hakuna ahadi ya utawala inayoweza kutegemewa kama mti wa mtu mwenyewe shambani. Asili ya wazazi wake ilikuwa ya Kiyao, lakini yeye alijihesabu kuwa Mswahili, na lugha aliyoitumikia maisha yake yote ilikuwa Kiswahili.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akaingia katika kazi ya serikali akiwa kijana wa miaka 17. Kazi hiyo ilikuwa ya ukarani wa forodha. Kwa miaka kumi na minane alihesabu shehena, akaandika stakabadhi na kupokea amri katika bandari za pwani, Pangani ikiwa mojawapo. Karani Mwafrika wa zama hizo alikuwa na hali ya ajabu. Mbele ya wanakijiji alikuwa bwana mwenye kalamu. Mbele ya wakubwa wake alikuwa mtumishi ambaye elimu yake haikumpa cheo wala mshahara uliolingana na akili zake. Alihamishwa kwa barua ya mistari michache, na familia yake ikahamishwa pamoja naye.

Pigo kubwa la maisha yake halikutoka serikalini. Lilimfikia nyumbani. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki dunia akamwachia watoto wadogo. Kiswahili kina neno la mwanamume aliyefikwa na hali hiyo, nalo ni mgane, ijapokuwa wengi wetu leo humwita mjane bila kubagua. Shaaban Robert akawa mgane. Shairi la maombolezo alilomtungia mkewe, liitwalo kwa jina lake, Amina, ni miongoni mwa tungo za huzuni zinazojulikana sana katika lugha yetu, na limo katika diwani yake ya Pambo la Lugha iliyopigwa chapa Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni jambo la kutafakari kwamba mtunzi wa Tanga alilazimika kuvusha kilio chake hadi Afrika Kusini ili kipate kitabu.

Mnamo mwaka 1944 aliihama idara ya forodha, akaingia katika idara ya wanyama wa porini na kupelekwa Longido, kaskazini mwa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya. Mtu wa pwani, aliyezoea minazi na upepo wa bahari, akajikuta katika nyika za Wamasai, penye upepo mkavu na mvua haba. Huko alikaa mpaka 1946. Vita Vikuu vya Pili vilikwisha katika muda huo, na habari za vita hivyo, vilivyoanza mwaka 1939, alizifanya kuwa utenzi mrefu sana, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Aliporudi Tanga mwaka 1946 alifanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi 1960. Mchana alikuwa karani wa serikali. Saa zilizobaki alikuwa mwandishi.

Katikati ya mizunguko hiyo ndipo ilipozaliwa kazi ninayotaka tuitazame. Kitabu cha Maisha Yangu kilitolewa mwaka 1949. Ni kitabu chembamba, na mwanafunzi mwenye haraka anaweza kukimaliza kwa siku moja akadhani amekisoma. Ndani yake mna nathari inayosimulia maisha ya mwandishi: ndoa, msiba, malezi, kazi na safari. Ndani yake pia mna tenzi mbili alizowatungia watoto wake. Utenzi wa Hati aliuelekeza kwa binti, na Utenzi wa Adili akauelekeza kwa mwana wa kiume.

Naomba msomaji autazame mpangilio huo, kwa sababu ndio kiini cha hoja yangu. Dhiki ya baba imo katika nathari. Usia kwa watoto umo katika ushairi. Vyote viwili vimo ndani ya jalada moja, lakini kila kimoja kimepewa chumba chake. Katika nathari, Shaaban Robert anaeleza yaliyompata kama mtu anayetoa ushahidi: hili lilitokea, hili lilifuata, hivi ndivyo nilivyotenda. Katika tenzi anawaelekeza watoto kuhusu Mungu, elimu, tabia njema, ndoa, kazi na kuishi na watu. Kwa kusoma kwangu, hashiki dhiki ya chumba cha kwanza akaifanya fimbo ya chumba cha pili. Hamwambii binti awe na heshima kwa kuwa baba alilala macho akimlea. Heshima anaitetea kwa sababu ya heshima yenyewe, na elimu kwa faida ya elimu.

Huo ndio mpaka niliouita mwembamba kama uzi. Baba aliyefiwa na mke, aliyelea peke yake na kuhamishwa huku na huku, alikuwa na kila kisingizio cha kusimanga. Angeweza kuwaorodheshea watoto gharama zao. Badala yake aliwaachia habari zake kamili, wazisome watakapokuwa tayari, na nasaha zake kamili, wazipime kwa akili zao. Mtoto anayesoma kitabu kile anaweza kuunganisha vyumba viwili mwenyewe, akagundua kwamba mtu aliyemwusia subira alikuwa ameinunua subira hiyo kwa thamani kubwa. Lakini ugunduzi huo ni wa mtoto. Baba hakuufanya kwa niaba yake.

Wajuzi wa fasihi watanikumbusha kwamba Shaaban Robert hakuvumbua usia wa tenzi, nao watakuwa na haki. Takriban karne moja kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi ambao mpaka leo unafundishwa katika vyuo vyetu. Mwana Kupona alikuwa amefiwa na mume, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa alipotunga. Kiunzi ni kile kile: mzazi aliyeguswa na mauti anamwita mtoto, anamketisha na kumkabidhi maneno kabla wakati haujapita. Tofauti ni mbili. Kwanza, Shaaban Robert ni baba aliyeichukua kazi ambayo mapokeo yetu yaliizoea zaidi katika kinywa cha mama, hasa ilipomhusu mtoto wa kike. Pili, aliuambatanisha usia na wasifu wake, ili watoto wasipate maagizo matupu bali wamjue pia mtu aliyeyatoa.

Sitaki kumfanya malaika. Msomaji wa leo, hususan msomaji wa kike, atakuta katika Utenzi wa Hati mafundisho ya ndoa yanayomtaka mke amtii mume kwa kiwango ambacho wengi wetu hatukikubali tena. Wanafunzi wa kike katika mihadhara yangu hulisema jambo hilo kwa sauti kubwa, na huwa siwanyamazishi. Baba huyo alikuwa mtu wa zama zake, na mapenzi yake kwa bintiye hayakumwepusha na mipaka ya zama hizo. Hata hivyo, jambo moja halifai kusahauliwa. Alimwandikia mtoto wa kike utenzi, akiamini kwamba ataweza kuusoma, katika nyakati ambazo wazazi wengi hawakuona haja ya kumpeleka binti shule. Aliyemfundisha mtoto kusoma amempa pia uwezo wa kupinga alichokisoma. Kwa hiyo binti wa leo anayebishana na Utenzi wa Hati anaitumia ile ile zawadi ya kusoma ambayo baba wa jana aliitumaini.

Tabia hii ya kusimulia dhiki bila kuigeuza kuwa deni haikuishia katika maisha yake binafsi. Tazama Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha sheria katika nchi inayoelea angani. Anajitetea vipi? Anasimulia. Mbele ya mfalme na baraza anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo ya manufaa, wakarudi na mawazo mema na kulipwa kifungo. Hapigi kelele wala hatukani. Anaweka mateso ya waliotangulia mezani, moja baada ya jingine, mpaka wasikilizaji wenyewe wanaona aibu, na wafungwa wanafunguliwa. Karani aliyeishi chini ya serikali ya kikoloni alijua kwamba kuna wakati masimulizi hufika mahali ambapo mashtaka yangezuiwa mlangoni.

Tazama pia wasifu alioandika wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Siti alizaliwa katika umaskini kijijini Fumba, akachuuza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay, alikokwenda mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Shaaban Robert angeweza kuyataja ya vyungu kwa haraka ili akimbilie fahari. Aliyakalia, kwa kuwa kwake yeye mwanzo mnyonge si doa la kufutwa wala si cheti cha kudai sifa. Ni sehemu ya ukweli wa mtu.

Mwaka 1959 alifikisha umri wa miaka hamsini, akairudia kalamu ya wasifu na kuandika Baada ya Miaka Hamsini. Sehemu hizo mbili zilitolewa pamoja kama kitabu kimoja mwaka 1966. Kufikia miaka hiyo alikuwa mtu mashuhuri. Alikuwa amepata tuzo ya fasihi ya Margaret Wrong na nishani ya M.B.E., na alikuwa ameshiriki katika kamati zilizosimamia maendeleo ya Kiswahili Afrika Mashariki. Walakini sifa hazikuwa mali. Barua alizomwandikia nduguye mdogo, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi, zilihaririwa na Profesa Mugyabuso Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002. Zinaanzia mwaka 1931 na kuishia 1958, yaani miaka ishirini na saba ya mashauri ya kifamilia, kazi na miswada. Asomaye barua hizo humwona mwandishi mkubwa akiwa mtu wa kawaida mwenye ndugu, watoto na mahitaji ya kila siku.

Uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliuona kwa miezi sita tu. Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa huko huko kwao Machui. Vitabu vyake kadhaa mashuhuri hakuviona vikiwa na jalada: Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Mtu aliyezaliwa chini ya Wajerumani, akaajiriwa na Waingereza na kufa katika nchi huru, aliacha urithi mwingi wa karatasi. Watoto aliowaandikia tenzi wakawa sehemu ndogo tu ya watoto waliorithi. Sisi sote tuliomsoma tumeingia katika hesabu hiyo.

Basi tujifunze nini, sisi wazazi na walimu? Naona hatari mbili zinazokaribiana. Ya kwanza ni ile ya masimango niliyoanza nayo. Ya pili ni kimya. Wapo wazazi ambao, kwa kuogopa kumlemea mtoto au kwa kuona haya ya umaskini wao wa zamani, hawasemi lolote. Mtoto hukua akidhani nyumba ya mawe aliyomo ilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Siku dhiki ikimfikia yeye, naye hana budi kufikiwa, atajiona mtu wa kwanza katika ukoo kuanguka, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba babu alianguka na baba alianguka, nao wakainuka. Kumnyima mtoto habari hizo ni kumnyima silaha.

Shaaban Robert anatuonyesha njia ya kati. Simulia, tena simulia kikamilifu, pamoja na mambo yasiyokupa sifa: hofu uliyoona, makosa uliyofanya, watu waliokufadhili. Kisha nyamaza. Nasaha ukiwa nazo, zitoe siku nyingine, zisimame kwa miguu yake zenyewe. Usizifunge pamoja kama kuni katika mtwana mmoja ambao mtoto hawezi kuubeba.

Kwa walimu wa Kiswahili nina pendekezo la vitendo. Wapeni wanafunzi zoezi la insha lisilo la kawaida. Kila mmoja aende nyumbani, amwombe baba, mama, nyanya au babu amsimulie siku moja ngumu ya maisha yake, kisha aiandike kama alivyoisikia. Sharti liwe moja: insha isimalizike kwa funzo. Mwanafunzi aache habari ilivyo. Nimewahi kuwapa wanachuo wangu zoezi hilo, na baadhi yao waliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuuliza na mara ya kwanza kuambiwa. Mmoja aliniletea kurasa mbili tu kuhusu baba yake kuuza baiskeli ili alipe karo. Alikuwa ameishi na mzazi huyo zaidi ya miaka ishirini bila kujua kwamba iliwahi kuwapo baiskeli.

Neno hati lina maana ya maandishi yanayothibitisha haki ya mtu juu ya kitu, kama ilivyo hati ya shamba au ya nyumba. Karani wa forodha aliyeshughulika na hati za watu wengine tangu ujana wake alilichagua neno hilo alipomwandikia bintiye. Hakumwachia hati ya shamba. Alimwachia hati ya maneno. Kila mzazi, hata asiye na kiwanja wala akiba, anaweza kumwandikia mwanawe hati ya namna hiyo, mradi akumbuke kwamba hati haiandikiwi mdeni, huandikiwa mrithi.